Sura ya Saba: Magome, Reli na Maji ya Mabondeni

Kutoka Makambako hadi Njombe ni kilomita 60 hivi, na karibu kila mti unaouona njiani ulipandwa na mtu kwa hesabu. Msindano ulipandwa kwa ajili ya mbao, mlingoti kwa ajili ya nguzo, mwati kwa ajili ya magome yake. Msafiri aliyeketi dirishani mwa basi huviona vilima vya kijani vikifuatana mpaka ukungu unapovimeza, akadhani ameingia kwenye misitu ya tangu na tangu. Sivyo. Hili ni eneo la viwanda, na mtambo wake mkubwa kuliko yote ni ardhi yenyewe.

Tukisema eneo la viwanda lililozeeka, wengi wetu hufikiria bohari lenye mabati yaliyoliwa na kutu, bomba lisilotoa moshi na geti lililofungwa kwa mnyororo. Njombe na Makambako zina sura nyingine. Hapa kazi ya viwanda imeacha mashamba ya miti yanayopita upeo wa macho, reli, yadi za mizigo, safu za nyumba za wafanyakazi, na vijito vilivyopungua maji. Vingine kati ya hivyo bado vinafanya kazi, vingine vimechoka, vingine vinangoja mwekezaji. Swali la sura hii ni namna ya kuviunganisha viwe nchi moja inayokalika vizuri, yenye kijani kinachopitika kwa miguu kutoka mahali hadi mahali, na yenye kumbukumbu inayowatambua waliofanya kazi. Jibu langu nalitoa mapema ili msomaji alipime njiani: tuanzie mabondeni, kwenye maji. Majengo, wageni na biashara vitakuja baadaye, na vitategemea kama mabonde yana uhai.

Gome

Mwaka 1948 Uingereza, ikiwa bado na madeni ya Vita Kuu ya Pili, iliunda Shirika la Maendeleo ya Makoloni, CDC. Mwaka uliofuata shirika hilo likaanzisha Njombe kampuni ya Tanganyika Wattle, ambayo watu wa huku wanaiita TANWAT, basi. Ulikuwa wakati uleule wa mradi wa karanga wa Kongwa, Urambo na Nachingwea, uliomeza mamilioni ya pauni na kufutwa mwaka 1951. Karanga zilishindwa na ukame, udongo mgumu na papara za wakubwa. Miwati ilishika. Ni mti wa kusini-mashariki mwa Australia, na ulizoeana upesi na baridi ya Njombe, mji ulio karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na udongo wake wenye tindikali.

Kabla ya hapo, kwa maofisa wa kazi wa serikali ya kikoloni, Njombe ilikuwa na bidhaa moja kubwa, nayo ni vijana. Walishuka kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro, wakiandikishwa kama manamba, na tangu mwaka 1944 kulikuwa na SILABU, ofisi iliyoundwa na wenye mashamba ya mkonge kwa ajili ya kuwakusanya. Familia za Wabena na majirani zao zilijifunza kulima bila wanaume kwa miezi na miaka. Mashamba ya miwati ya TANWAT yalipofunguliwa Kibena, palepale Njombe, ujira ulisogea karibu na nyumbani. Sidai kwamba ulikuwa ujira wa kutosha. Nasema tu kwamba mtu aliweza kufanya kazi ya kulipwa na bado akazika ndugu zake, akaoza binti zake, akapanda viazi vyake. Historia ya viwanda hapa inaanzia kwenye jambo hilo, na mpango wowote wa kulihuisha eneo hili utakaolisahau utakuwa umejengwa kwa wageni.

Kazi yenyewe ilikuwa ya mikono na ilihitaji ujuzi. Mwati huvunwa ukiwa na miaka minane hadi kumi. Msimu mzuri ni wa mvua, utomvu ukiwa unapanda, maana wakati huo gome huachia mti bila kubishana. Mchunaji hulikata karibu na shina, huingiza ncha ya panga chini yake, halafu huvuta kwenda juu, na ukanda mrefu wenye unyevu huachana na mti mpaka usawa wa matawi. Mti ulio uchi hubaki mweupe na wenye utelezi. Hapo hakuna kupumzika: gome likikaa hukauka, huvunda na kupoteza ubora, kwa hiyo mafungu hufungwa na kusombwa kwenda kiwandani yakiwa mabichi. Kiwandani hukatwakatwa na kuchemshwa kwa mvuke ndani ya matangi yaliyofungwa. Maji ya kahawia yanayotoka huko hupunguzwa mpaka yabaki unga au tope gumu la tanini. Hiyo ndiyo iliyogeuza ngozi mbichi za ng'ombe, mbali na Njombe, kuwa soli za viatu na matandiko ya farasi. Makapi ya magome hurudi tanuruni kuchemshia magome mengine. Mti uliochunwa nao hugeuzwa kuni, mkaa au fito za kujengea.

Soko lilipobadilika, halikuuliza ruhusa Kibena. Chumvi za kromu hulainisha ngozi kwa muda mfupi kuliko tanini ya magome, na soli za viatu zimekuwa za mpira na plastiki. Kampuni ikapanda misindano na milingoti kwenye maeneo yaliyokuwa ya miwati, ikaingia kwenye chai, na mwaka 1995 ikawasha mtambo wa megawati 2.5 unaotumia kuni na mabaki ya miti, umeme wake ukiuzwa pia kwa TANESCO. Kwa hiyo Kibena haikuwa gofu. Ilipita katika mabadiliko yale yale yaliyoiua miji mingine ya viwanda, na ikabaki hai kwa kubadili mazao.

Eldoret, nchini Kenya, kisa kilikuwa tofauti. Huko kulikuwa na kampuni dada kwa kazi, EATEC, iliyokuwa na mashamba makubwa ya miwati kuuzunguka mji. Mashamba hayo yaliuzwa vipandevipande, miti ikang'olewa, ardhi ikawa ya mahindi na viwanja vya nyumba. Waliopata ardhi walipata, na siwezi kumlaumu mtu aliyenunua ekari zake kwa jasho. Lakini nafasi ya kupanga eneo zima kwa pamoja, mto pamoja na mji, barabara pamoja na msitu, hupita mara moja, nayo huondoka na hati ya kwanza ya kiwanja. Njombe bado inayo nafasi hiyo. Ndiyo sababu naandika kwa haraka kiasi hiki.

Deni la miwati nalo lisemwe. Mti huu umo kwenye orodha ya kimataifa ya viumbe 100 vamizi wabaya kuliko vyote duniani. Mbegu zake hukaa ardhini miaka mingi zikingoja moto, kisha huota kwa wingi, na mizizi yake hunywa maji ambayo majani ya asili yangeyaacha yateremke mtoni. Afrika Kusini, ambako ulipandwa kwa ajili ya tanini ileile, iliona mito ikipungua. Mwaka 1995 Waziri wa Maji wa serikali mpya, Kader Asmal, alianzisha mpango wa kuajiri watu maskini kuing'oa miti vamizi, mwati ukiwamo, kwenye kingo za mito. Watu walilipwa ujira kwa kurudisha maji. Naurudia mfano huo kila ninapoambiwa kwamba hifadhi na ajira ni vitu viwili vinavyogombana.

Reli iliyopanda mlima

Makambako haikuzaliwa na magome. Ilikuzwa na njia. Reli ya TAZARA ilianza kujengwa mwaka 1970, na tarehe 14 Julai 1976 ilikabidhiwa rasmi kwa Tanzania na Zambia: kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kwa mkopo wa China usio na riba. Zambia ilitaka njia ya kutolea shaba yake bila kupitia Rhodesia na nchi nyingine za makaburu na Wareno, na nchi za Magharibi zilikuwa zimesema mradi huo hauna faida. Kati ya Mlimba na Makambako reli inatoka bonde la Kilombero na kupanda ukingo wa nyanda za juu. Hapo ndipo ilipogharimu zaidi. Reli nzima ina mahandaki 22 na mengi yake yako kwenye kipande hicho. Hapo pia ndipo lilipo daraja la Mpanga, lililosimama juu ya nguzo tatu zenye urefu wa mita 50. Maelfu ya vijana wa Kitanzania na Kizambia walifanya kazi ile bega kwa bega na mafundi wa Kichina, usiku na mchana, kwenye mvua ya mlimani. Baadhi ya Wachina waliofia kazini wamezikwa Gongo la Mboto, Dar es Salaam, na makaburi yao yanatunzwa. Waafrika waliokufa kwenye kazi hiyohiyo hawana mahali pamoja pa kukumbukwa, na hilo linaniuma.

Makambako ikawa njia panda. Reli ilipita, barabara ya lami ya kwenda Zambia ilikuwapo, na katika miaka ya 1980 barabara ya Songea ikatiwa lami kutoka hapohapo. Vibanda vikafuata, masoko yakafuata, hoteli za madereva zikafuata. Reli yenyewe haikuwahi kubeba mzigo wote iliokusudiwa kubeba kwa mwaka. Vichwa vya treni viliharibika, mabehewa yakapungua, malori yakachukua shaba. Lakini kulikuwa na treni moja ambayo mahesabu ya shaba hayaielezi: ile fupi ya Kidatu hadi Makambako, ambayo abiria waliipachika jina la kipisi. Kina mama wa Kilombero walipanda nayo na mchele na ndizi, wakashuka na maharage na viazi vya mlimani. Palipokuwa na stesheni ndogo paliota kijiji, na kijiji kilipanda migomba hadi ukingoni mwa reli. Wahandisi walichora njia ya madini, na wakulima wakaigeuza barabara ya soko.

Hili ndilo jambo ambalo wapangaji wa mji hulipita haraka mno. Kiungo kati ya mahali na mahali hakianzi kwenye ramani, huanza kwa watu wanaokitumia. Reli ya Mlimba hadi Makambako tayari imeunganisha misitu ya Udzungwa, mashamba ya mpunga ya Kilombero na nyanda za Njombe kwa nusu karne. Tunachotakiwa kufanya ni kukitambua kiungo hicho na kukitunza.

Mto kwanza

Nchini Ujerumani kuna bonde la mto Emscher, katika eneo la Ruhr, ambalo kwa zaidi ya karne moja lilichimbwa makaa ya mawe na kufuliwa chuma. Ardhi iliyochimbwa ilikuwa ikititia, mabomba ya majitaka yangepasuka chini yake, kwa hiyo mto wenyewe uligeuzwa mfereji wa wazi wa majitaka, uliosakafiwa kwa zege. Migodi ilipofungwa, miji 17 ilikubali kufanya kazi pamoja kwa miaka kumi, 1989 hadi 1999, chini ya mpango ulioratibiwa na Karl Ganser. Kule Duisburg kiwanda cha chuma kiligeuzwa bustani ya umma bila kubomolewa: mabomba yake yakaachwa, mimea ikaachwa ipande, watoto wakapewa mahali pa kuchezea. Picha za kiwanda hicho zimezunguka dunia. Kazi kubwa zaidi haipigiki picha vizuri. Iliwachukua miaka thelathini na zaidi ya euro bilioni tano kuyatoa majitaka kwenye Emscher, na yaliisha kabisa mwishoni mwa 2021. Bustani na makumbusho vilipendeza, lakini mto ndio uliozifunga zile bustani zote pamoja.

Karibu na kwetu zaidi ni Bamburi, Mombasa. Machimbo ya kiwanda cha saruji yaliacha shimo la matumbawe meupe, jua likichoma, hakuna udongo, maji ya chumvi chini kidogo tu. Mwaka 1971 René Haller alianza kujaribu miti humo. Mingi ilikufa. Mivinje ilishika, lakini sindano zake zilirundikana chini bila kuoza, mpaka alipowaleta majongoo, waliozila na kuzigeuza mboji. Udongo ukaanza kujengeka kwa milimita, kisha kwa sentimita. Leo watoto wa shule wa Mombasa hutembea chini ya kivuli mahali palipokuwa jangwa la mawe. Mhusika mkuu wa kisa hicho ni jongoo, na napenda hivyo, kwa sababu mpango wowote wa kijani unaosahau wadudu na udongo ni upambaji.

Sasa turudi Njombe. Mto Ruhuji unapita mjini na kuporomoka kwenye miamba kando ya barabara kuu, mahali ambapo watu hupigia picha za harusi. Kutoka hapo maji hushuka hadi Kilombero, na Kilombero huingia Rufiji. Upande wa pili wa mgongo wa nyanda hizi maji huelekea Usangu na Ruaha Mkuu, nayo pia hatimaye huingia Rufiji, juu ya Bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo ya megawati 2,115. Serikali ina mipango mingine miwili ya umeme wa maji mkoani Njombe, Ruhuji wa megawati 358 na Rumakali wa megawati 222. Kwa maneno mengine, kijito kinachopita nyuma ya shamba la viazi Njombe ni sehemu ya umeme wa Dar es Salaam. Anayekilinda anafanya kazi ya taifa, na ana haki ya kulipwa kama mtu anayefanya kazi ya taifa.

Chombo cha kuanzia tayari kiko kisheria. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, maziwa na mabwawa. Kifungu hiki hutumika zaidi kama rungu: ofisa anakuja, anatangaza katazo, mazao yanafyekwa. Mimi nakiona kwa namna nyingine. Mita 60 kila upande, kwenye Ruhuji, kwenye mto Hagafilo, kwenye kila kijito kinachoingia humo, ni ukanda wa kijani uliokwisha kuchorwa na Bunge, unaopita katikati ya mji, ukavuka mashamba ya kampuni, ukaingia vijijini na kuishia msituni. Hakuna mbunifu wa mji angeweza kuuchora vizuri zaidi. Kilichobaki ni kuujaza.

Kuujaza kwa nini? Hapa ndipo panapohitaji uangalifu, maana kijani cha huku kinadanganya. Mlingoti uliopandwa kwenye chemchemi ni kijani, na chemchemi hufa. Miti rafiki wa maji inajulikana na wazee na wataalamu wa misitu kwa pamoja, ukiwamo mvengi, unaopenda kusimama na miguu ndani ya tope. Kuna milanzi, mianzi inayogemwa ulanzi. Msimu wa mvua mgema hukata chipukizi changa, huning'iniza mbeta ya kukingia chini yake, na asubuhi na jioni hurudi kulikata tena kidogo ili lidondoshe. Ulanzi mpya ni mtamu, watoto hunywa. Ukikaa unakuwa pombe ya watu wazima. Mlanzi hushika ukingo wa mto kwa mizizi yake, humpa mgema fedha kila msimu, na haukatwi ili utoe faida. Ukanda wa mita 60 uliopandwa milanzi ungelindwa zaidi na wenye mbeta kuliko na askari yeyote wa mazingira.

Kisha kuna vinyungu. Hapa msimamo wangu utawaudhi baadhi ya marafiki zangu wa hifadhi. Vinyungu ni bustani za mabondeni, zinazolimwa kiangazi kwa unyevu uliobaki ardhini, na kwa vizazi vimelisha kaya wakati ghala za mlimani zimebaki tupu. Mahindi mabichi ya kiangazi, maharage, mboga, vyote hutoka huko, na mara nyingi anayevilima ni mwanamke asiye na shamba kubwa. Kumfukuza kwenye kinyungu chake huku milingoti ya mwenye nguvu ikiachwa inywe chemchemi ileile ni dhuluma, hata ikiitwa mazingira. Utaratibu wa haki ungeanza na miti: milingoti itoke kwanza kwenye vyanzo, mwenyewe afidiwe kwa mti uliokwisha kukua, kisha kijiji kikae na wenye vinyungu kukubaliana ni wapi chemchemi iachwe kabisa na ni wapi matuta yanaweza kubaki bila mifereji inayokausha bonde. Vijiji vina uwezo huo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002 zinawapa wanavijiji mamlaka ya kutenga hifadhi zao wenyewe na kuzisimamia.

Wala wazo la msitu usioguswa halikuletwa huku na sheria. Msitu wa Nyumbanitu, mahali pa matambiko pa Wabena, umesimama kwa sababu watu waliuheshimu, wakauingia kwa utaratibu, wakaogopa kukata fimbo ndani yake. Kuku weusi wanaosemekana kuishi humo husimuliwa hadi leo. Msitu kama huo ni ghala la mbegu za miti ya asili ambayo vitalu vya serikali havina, na walinzi wake wa jadi wanastahili kukaa mezani pale ukanda wa mito unapopangwa, wakiwa na sauti ya kukataa njia ya watalii pale isipotakiwa.

Unganisho lenyewe lina sababu ya kibaiolojia pia. Kipunji, kima aliyetambuliwa na wanasayansi mwaka 2003 na kutangazwa 2005, anapatikana Tanzania tu, katika maeneo mawili: misitu ya Rungwe na Livingstone upande mmoja, na Ndundulu katika Udzungwa upande wa pili. Hata Rungwe na Livingstone zenyewe zilikuwa zikitenganishwa na ukanda uliolimwa na kukatwa wa Bujingijila, na wahifadhi wakishirikiana na vijiji wamekuwa wakipanda miti ya asili hapo ili misitu ishikane tena. Kitulo, hifadhi ya taifa tangu 2005, ile inayoitwa Bustani ya Mungu kwa maua yake, iko jirani. Nyanda za Njombe zimekaa kati ya visiwa hivi vya uhai, na mabonde yenye miti ndiyo njia pekee ambayo mnyama, ndege na mbegu vinaweza kupitia bila kukutana na msumeno.

Yatakayobaki

Septemba 2024, huko Beijing, marais wa Tanzania, Zambia na China walishuhudia kutiwa saini kwa makubaliano ya kuifufua TAZARA kwa mtaji wa Kichina unaokadiriwa kuwa dola bilioni 1.4. Nafurahi. Reli ikifanya kazi hupunguza malori kwenye mteremko wa Kitonga wa barabara ya Zambia na hurudishia stesheni ndogo soko lao. Lakini ufufuaji una tabia ya kufagia. Mataruma yatabadilishwa, mabehewa ya zamani yatauzwa kama chuma chakavu, mabweni ya wafanyakazi yatabomolewa, makabrasha yatachomwa kwa kuwa hakuna aliyesema yatunzwe. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ilitungwa ikiangalia zaidi vitu vya kale kuliko hivi. Stesheni ya miaka ya 1970 haipati ulinzi mpaka Waziri aitangaze. Kiwanda cha magome cha Kibena kiko hivyohivyo, pamoja na laini za nyumba za wafanyakazi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya urithi hapa ni ya kalamu na kinasa sauti. Wachunaji wa magome wa miaka ya 1950 karibu wameisha. Wajenzi wa reli, waliokuwa vijana wa miaka ishirini, sasa wana zaidi ya sabini. Wanafunzi wa sekondari za Njombe na Makambako wanaweza kuwasikiliza, kwa Kiswahili na kwa Kibena, wakiandika nani alifanya kazi gani, alilipwa nini, aliumia wapi, nani alizikwa wapi. Simulizi hizo zina kazi ya moja kwa moja katika mpango wa mabonde: zitasema ni kijito gani kilikuwa na maji mwaka gani, na miti gani ilisimama kabla ya msindano wa kwanza.

Kipande cha kuanzia cha ukanda wa mito kiwe kifupi, ili watu wakione kikiisha. Mimi ningechukua Ruhuji mjini Njombe, kuanzia maporomoko, na kupanda na vijito kuelekea mashamba ya Kibena. Milingoti iliyo ndani ya mita 60 ivunwe na mwenyewe alipwe. Mivengi na milanzi ipandwe na vikundi vya vijana kwa ujira, kama Asmal alivyofanya. Njia ya miguu ipite pale watu wanapopita tayari, ifike kiwandani, na kiwandani pawepo banda moja linaloonyesha panga, fungu la magome na tangi la kuchemshia, likiendeshwa na wanaozijua kazi hizo. Halmashauri ya Mji wa Njombe, kampuni zenye mashamba na mamlaka ya bonde la Rufiji wote wana ardhi au maji kwenye mstari huo, na hakuna mmoja anayeweza kuufanya peke yake.

Makambako ipewe kazi yake kwa wakati huohuo. Stesheni zilizopo kati yake na Mlimba zinaweza kufikiwa kwa treni ya abiria, na kila moja inaweza kuwa mlango wa kuingilia msitu na kijiji, ikiwa treni itasimama kwa saa inayojulikana na ikiwa mama mwenye ndizi hataondolewa jukwaani ili kumpisha mgeni mwenye kamera. Haya yanafaa kuandikwa ndani ya mikataba ya ufufuaji: treni ya wakulima ibaki, kichwa kimoja cha treni na mabehewa machache vitunzwe Makambako, makabrasha ya ujenzi yakabidhiwe Idara ya Nyaraka. Orodha ya vitu vya kutunza inaweza kuandaliwa na wastaafu wa reli wenyewe kabla mafundi hawajaanza kung'oa, ikianza na majina ya wenzao waliofia kwenye mahandaki.